Mtu Mmoja wa Mkunazini

Swali lenyewe halikuwa na ubaya, na karani aliyeliuliza alikuwa kijana wa adabu. Ubaya ulikuwa ni pale alipoliulizia. Mtu mwenye akili zake hasimami kwenye baraza ya Mkunazini, Ijumaa watu wametoka kusali, vikombe vya kahawa mikononi, madirisha ya juu yote wazi, akamwuliza mwanamme mwenzake kama ana kazi au hana. Lakini serikali ilitaka kujua watu wangapi mjini hawana kazi, na serikali ikitaka kujua jambo haiji yenyewe, humtuma karani. Karani wa mtaa ule alikuwa Kurban, kijana wa kizazi cha Kihindi, mzaliwa wa mji huu huu, na yeye alikuja Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya kuwapata wanaume wote mahali pamoja.

Alianza na Machano, mpakuzi wa meli ambaye bandari ilikuwa haimtaki tena.

"Una kazi, Bwana Machano?"

"Nnayo," alisema Machano, wala hakupepesa jicho. Mkewe, Tabia, alikuwa dirishani juu ya kichwa chake, kaegemeza viwiko kwenye mto.

"Bandarini?"

"Bandarini."

Watu wote pale barazani walijua kuwa Machano hakubeba hata pakacha tangu sarahangi, msimamizi wa wapakuzi, alipopunguza watu. Kila mmoja akatazama kahawa yake. Kurban akaandika.

Kisha akamgeukia Usi. Usi alikuwa amekaa bega kwa bega na shemeji yake, Mkubwa, kaka wa mkewe, aliyewasili asubuhi ile kutoka Bwejuu. Nasema mapema ili ijulikane: Mkubwa hakuja kutembea. Wazee wao walikuwa wameshakufa, yeye ndiye walii wa dada yake, na alikuwa ameshasema mbele ya watu, si mara moja, kwamba siku akisikia Mwanamkasi halishwi na mumewe, atampeleka kwa kadhi akamvue nikaha na kumrejesha kwao. Na Usi alikuwa halishi. Mwaka ule mikarafuu ilikataa kuzaa, na mfungo mosi, mara baada ya Ramadhani, tajiri wake akapunguza washonaji wa magunia ghalani, na Usi akawa mmoja wao.

"Bwana Usi, una kazi?"

"Nnayo, alhamdulillahi."

"Kazi gani?"

"Nnashona magunia ya karafuu kwa Bwana Laxmidas, Malindi."

"Wiki iliyopita ulifanya kazi?"

"Nilifanya."

"Na mkeo? Ana kazi?"

"Mke wangu ana mume," alisema Usi.

Watu walicheka, na Mkubwa akacheka nao, na hicho kicheko cha Mkubwa ndicho Usi alichokuwa akikitaka. Nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka pale, Mwanamkasi alikuwa juu ya mkeka akitoboa tundu za kofia kwa sindano. Kofia zile ndizo zilizolipa chumba na ndizo zilizonunua unga. Kurban akaandika mume ana kazi, mke hana. Angaligeuza tu, angaliandika kweli.

"Serikali inataka nini na kazi zetu?" aliuliza Mkubwa.

"Inahesabu, mzee," alisema Kurban, akaaga, akaenda baraza ya pili.

Mkubwa alimwekea Usi mkono gotini. "Shemeji, niwie radhi. Nilisikia maneno kule shamba, nikaja na moyo wangu mbaya. Watu wana midomo." Akatoa kwenye kikapu pweza mkavu aliyefungwa kwa ukindu, akampa ampelekee dada yake, akaondoka kuwahi gari. Usi alibaki na pweza mkononi.

Ndani, Mwanamkasi alipokea pweza bila ya kuinua uso.

"Ulitaka niseme nini?" aliuliza Usi.

"Sijasema kitu. Nauliza tu, yule karani anahesabu ili iwe nini?"

Hilo Usi hakumwuliza Kurban. Hakuwa amefikiria kuuliza.

 

Jawabu lilikuja na mpiga mbiu. Alipita vichochoroni na pembe lake akatangaza kwamba serikali inafungua kazi ya kuchimba mitaro ya maji machafu, ujira wa kila siku, na watakaoandikwa ni wale waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Kila mtaa utachimbiwa mtaro na watu wake wenyewe, kwa kadiri ya hesabu yake.

Usi alifika ofisini kwa Kurban kabla milango haijafunguliwa. Alisimama foleni na watu wa mitaa ya Ng'ambo, watu waliovaa mashati yaliyochanika bila ya kujificha, na akajiona mjinga na kanzu yake safi.

"Jina lako limo kwa wenye kazi," alisema Kurban alipolipata.

"Lihamishe."

"Halihamishwi hivyo, Bwana Usi."

"Nilikuwa na shemeji yangu pale, bwana."

"Najua. Nilimwona." Kurban alipunguza sauti. "Unajua Mkunazini nzima nimepata watu wangapi wasio na kazi? Sikupata hata mmoja. Nimeipeleka hesabu kwa wakubwa, wakanipa mkono. Wamefurahi, ati angalau upo mtaa mmoja usio na shida."

"Wewe mtoto wa mji huu. Hukujua?"

"Nilijua. Lakini mimi naandika ninachojibiwa. Nikianza kuandika ninachokijua nitafukuzwa, kisha na mimi nitakuwa wa kuhesabiwa." Alitazama mlangoni. "Hesabu inafungwa mwisho wa mwezi. Niletee neno la tajiri wako kuwa amekuachisha, nitakusahihisha. Lakini usije peke yako. Mtaa hauchimbiwi mtaro kwa ajili ya mtu mmoja. Wakipatikana watu kumi, Mkunazini itapata kazi."

Usi alitoka akihesabu moyoni. Kumi walikuwepo. Walikuwepo kumi kwenye baraza moja tu, na yeye alikuwa akinywa nao kahawa kila siku.

 

Ghala la Laxmidas lilikuwa bado linanuka karafuu, lakini ilikuwa harufu ya mwaka jana. Mizani imening'inia haina kitu. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha mkeka, miguu ameikunja, kalamu sikioni kana kwamba kuna la kuandika.

"Nataka neno moja tu kutoka kwako, Bwana Laxmidas. Uandike kuwa umeniachisha kazi."

"Nani anataka?"

"Serikali."

Laxmidas aliinuka akauvuta mlango wa ghala, pakabaki upenyo. "Serikali ilikuja na kwangu. Iliuliza watu wangapi wanafanya kazi hapa. Nikasema wote."

"Wote nani? Ghala halina mtu."

"Wote," alirudia Laxmidas. Kisha akasema polepole, na hii haikuwa sauti ya tajiri, "Usi, sisi tumejuana zamani. Mimi nnachukua mali kwa ahadi ya kulipa baadaye. Wanaonipa wakisikia nimepunguza watu, kesho asubuhi wote wako hapa mlangoni. Taramati, mke wangu, hajui. Kila siku ananifungia chakula, nnakuja, nnakaa. Mimi nikikuandikia wewe karatasi, ndiyo nimejiandikia mimi."

"Na mimi nifanyeje?"

"Kwenye hesabu wewe bado mtu wangu. Unafanya kazi hapa, vizuri tu, hakuna aliyekusema vibaya."

"Na mshahara wangu?"

Laxmidas aliitazama mizani. "Usinifanye hivyo, Usi."

Usi alikuwa mtu mpole, majirani wote watakwambia. Lakini kuambiwa kuwa unafanya kazi, tena vizuri, na mtu asiyekulipa, ni jambo linalochoma. Akapandisha sauti, mara ya kwanza tangu yalipompata. "Umeniachisha, Bwana Laxmidas. Tangu mfungo mosi umeniachisha, sina kazi, sina kitu, na wewe unajua. Andika."

Kalamu ya Laxmidas ilibaki pale pale sikioni. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Usi. Usi akageuka, akamwona Mkubwa amesimama njiani na kikapu cha samaki.

Kumbe Mkubwa alikuwa ameona haya kwa ile dhana yake mbaya. Alivua, akachagua changu wazuri, akapanda gari kuja mjini kumletea shemeji yake kazini kwake, ili watu wa kazini waone kuwa Usi ana wakwe wanaomthamini. Alikiweka kikapu chini.

"Mzee, huyu mtu wangu," alisema Laxmidas kwa haraka, "anafanya kazi hapa hapa, tunazungumza tu." Masikini alikuwa anajaribu kuwasitiri wote wawili.

"Nimesikia mnavyozungumza," alisema Mkubwa. Hakukasirika. Angalikasirika ingalikuwa nafuu. Aliokota kikapu chake akashika njia ya Mkunazini, na Usi akamfuata nyuma.

 

"Funga nguo zako twende kwetu," alisema Mkubwa, hata hajavua viatu.

Mwanamkasi alikuwa na kofia mapajani, ua moja limekwisha na jengine nusu. "Shikamoo, kaka. Kaa unywe chai."

"Marahaba. Sikuja kunywa chai. Huyu mwanamme anakulisha?"

"Unaniuliza mbele yake?"

"Nakuuliza mbele yake, ndiyo."

"Basi ikiwa ni kuulizana mbele za watu, niulize mbele ya kadhi. Huko ntajibu."

Mkubwa alitosheka na hilo. Alikwenda kulala kwa rafiki yake Malindi, na samaki akawaacha pale pale mlangoni, hakuwa na moyo wa kuwarudisha wala wa kuwatoa. Mwanamkasi akawapaka chumvi kwa sababu samaki hana kosa.

Usi aliogopa. Nasema wazi kwa sababu wanaume wa kwetu hawalisemi neno hili, husema wamechoka, au kichwa kinawauma. Aliogopa kwamba mkewe amechoka naye. Alimtazama anavyopitisha sindano na akashindwa kujua kilichomo moyoni mwake, na hili la kushindwa kujua, baada ya miaka yote ile ya kulala kitanda kimoja, lilimtesa kuliko njaa.

"Ukitaka kwenda, nenda," alimwambia asubuhi ya kwenda kwa kadhi. "Sitakuzuia."

"Nipe ule uzi mweupe," alisema Mwanamkasi. "Nimalize huu mstari kabla hatujatoka."

 

Kadhi alikuwa mzee wa maneno machache. Karani wake alikaa chini ya dirisha akiandika kila linalosemwa, na nyuma kulikuwa na watu wa kesi nyengine wakingojea zamu zao, masikio wameyatega. Mkubwa alieleza madai yake kwa ufasaha: dada yangu, mume huyu, hamlishi, hana kazi, amenidanganya barazani na watu wanasikia.

"Bwana Usi," alisema kadhi, "una kazi?"

Hapo Usi alijiona katikati. Akisema anayo, ana shahidi, tena shahidi mkubwa kuliko wote mjini, kwani serikali imeshaandika kuwa anayo. Lakini mtaro utakuwa umekwenda. Akisema hana, atapata mtaro, lakini mke atakuwa amekwenda.

"Serikali imeandika kuwa nnayo," alisema.

"Sikukuuliza serikali imeandika nini."

Usi aliitazama kalamu ya karani. Kadhi alimngojea, kisha akamwacha, akaielekeza sauti yake kwa Mwanamkasi, aliyekaa pembeni na buibui lake.

"Bi Mwanamkasi, mumeo anakupa nafaka yako, chakula na matumizi?"

"Hanipi."

Usi aliinamisha kichwa. Nyuma mtu mmoja alikohoa.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo mosi. Ameachishwa kazi. Kila asubuhi hutoka, adhuhuri hurudi akasema amechoka, nami humwekea maji akaoga. Na amechoka kweli, Shekhe. Kuzunguka mji mzima kutafuta kazi usiipate kunachosha kuliko kazi yenyewe."

"Na wewe unakula nini?"

"Nnashona kofia. Bi Shemsa wa nyumba ya pili ananiuzia. Mimi nnakula na yeye anakula."

Karani wa kadhi alisita kidogo na kalamu yake. Mkubwa alikuwa ameshanyoosha mgongo kama mtu aliyeshinda.

"Basi unataka nikuvulieni nikaha?"

"Sitaki. Mimi niko radhi naye."

"Mwanamkasi," alisema Mkubwa.

"Bwana Mkubwa, kaa," alisema kadhi. "Haki hii ni yake, si yako. Akiwa radhi kuvumilia, mimi sina cha kuvunja." Kisha akamtazama Usi, na macho yake hayakuwa makali wala mapole. "Lakini na wewe sikiliza. Radhi yake ya leo ni ya leo. Dhiki ikiendelea, siku yoyote akija, kesho au keshokutwa, mlango huu uko wazi, wala sitamwuliza kwa nini jana alikuwa radhi. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Shekhe."

Walirudi kwa miguu. Mkubwa alikuwa ameshapotea mbele, hakuaga. Walipofika penye kona ya Mkunazini Usi alisema kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Ningalisema unanilisha, kadhi angaliniapisha. Siwezi kushika msahafu nikaapa uongo kwa ajili ya heshima yako, Usi. Heshima yako naipenda, lakini si kwa kiasi hicho." Alitembea hatua chache. "Na sasa ushahidi unao. Yule karani ameandika kila neno. Mwombe akupe, umpelekee karani mwenziwe."

 

Kurban aliisoma karatasi ya mahakama mpaka mwisho, akairudia. "Hii inatosha," alisema. "Inatosha na kuzidi." Akachukua penseli. "Lazima nikuulize kama ilivyo kanuni. Wiki ile ya hesabu, hukufanya kazi yoyote ya malipo? Hata siku moja? Kwa sababu kwa kanuni yetu, aliyefanya siku moja ana kazi."

Usi akakumbuka. Bi Hawabai, mwenye nyumba, alimpa ndoo ya chokaa wiki ile akapaka ngazi, akamsamehe kidogo katika kodi. Alikuwa ameshasema uongo kuwa ana kazi, na sasa, alipotaka kusema kweli, ile ndoo ya chokaa ikamsimamia njiani.

"Fikiri kabla hujajibu," alisema Kurban, hakuinua uso.

"Sikufanya," alisema Usi.

Penseli ikapita. Usi akawa hana kazi. Alishangaa kuona kifua chake kimepata nafasi kidogo.

"Na wengine?" aliuliza Kurban.

"Wengine nani?"

"Nilikwambia usije peke yako. Nitajie majina tu, nitakwenda kuwauliza upya mimi mwenyewe. Hutaonekana wewe."

Usi aliyaona majina yote yamejipanga, na juu ya kila jina dirisha, na kwenye kila dirisha mwanamke. "Mimi sijui mambo ya nyumba za watu," alisema.

Lakini hakukata tamaa siku ile ile. Alasiri alimshika mkono Machano wakaingia kichochoroni. "Twende wote kwa Kurban. Tukiwa kumi tunapata mtaro, kazi ya miezi."

"Twende wapi? Mimi nna kazi."

"Machano."

Machano aliegemea ukuta. "Wewe mkeo keshasema, tena mahakamani. Huna tena cha kuficha, umepumzika. Mimi Tabia anajua kuwa nnakwenda bandarini."

"Anajua una kazi?"

"Anajua nnakwenda." Akamtoa Usi mkono wake taratibu. "Usiniharibie, ndugu yangu. Nakuomba."

 

Gazeti lilisomwa barazani na mzee Nahodha, kwa sababu ndiye aliyekuwa na miwani. Alisoma habari za meli, akasoma bei ya karafuu, watu wakaguna, kisha akafika kwenye hesabu ya wasio na kazi, mtaa kwa mtaa. Ng'ambo ilikuwa na mamia na itachimbiwa mitaro mirefu. Mji Mkongwe hali yake ilikuwa njema sana, gazeti lilisema, na serikali inaridhika.

"Mkunazini," alisoma Nahodha, akasogeza karatasi karibu na uso. "Asiye na kazi, mtu mmoja. Mtaa huu hautafunguliwa mtaro."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Kesi ya kadhi ilikuwa imeshafika kila jiko. Baraza nzima ilikaa kimya, wanaume wazima, mikono yao mikubwa isiyo na cha kushika imelala juu ya magoti. Kila mmoja alikuwa anaijua kweli ya mwenzake, na kila mmoja alikuwa na mwanamke anayesikiliza juu ya kichwa chake. Kisha, kwa sababu kimya kilikuwa kinaanza kusema, Machano akaita muuza kahawa.

"Mtilie Bwana Usi," alisema kwa sauti. "Nalipa mimi. Pole, bwana. Mwenyezi Mungu atakufungulia na wewe."

"Amin," walisema wengine, kila mmoja kwa zamu yake, na mmoja akamsogezea kashata.

Jawabu lilimjaa Usi mdomoni. Neno moja tu lingalitosha, kumwuliza Machano amepata wapi peni ya kahawa. Lingaliangusha baraza nzima kama inavyoanguka safu ya matofali, na kesho yake Kurban angalikuwa na watu kumi, na ishirini. Alimtazama Machano. Juu, kiwiko cha Tabia kilikuwa kwenye mto, na pembe ya kanga yake inaonekana. Machano mwenyewe alikuwa amekichukua kikombe kwa muuza kahawa, anamnyoshea.

Usi akakipokea kikombe. "Ahsante," alisema, akanywa. Ilikuwa chungu na aliimaliza yote.

Asubuhi ya pili yake hakutoka. Hakuwa na pa kujifanya anakwenda. Mwanamkasi alikuwa ameshakaa na kofia mpya, na Usi hakumwuliza kama yu radhi na leo. Alitaka kuuliza, akaogopa, akafungua mlango akakaa barazani peke yake. Hakuwahi kuiona baraza saa ile, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya wanaume kwenda kazini.

Nao walikuwa wanakwenda. Walitoka nyumba moja moja, mashati ya kazi yamefuliwa, wengine na vifurushi vya chakula, wakapita mbele yake wakamwamkia kwa upole kama anavyoamkiwa mgonjwa, wakageuka kona. Wapi walikokwenda kukaa mpaka adhuhuri, kila mmoja anajua mwenyewe. Machano alikuwa wa mwisho, kulabu yake ya kupakulia begani. Alipofika mbele ya Usi alipunguza mwendo, akatupa jicho juu dirishani, kisha akamtazama Usi usoni, na macho yake yalikuwa yanaomba.

"Nakimbilia kazini," alisema Machano.

Usi alimjibu kwa sauti ya kutosha kufika juu.

"Kazi njema, Machano. Nenda, usije ukachelewa."